Kalunguyeye Aliyekunywa Maziwa kwa Adabu

Usiku wa jana niliota ufagio wangu umesimama mlangoni, umevaa ndala zangu, unaniambia nifanye haraka kwa kuwa mgonjwa wangu ananiulizia.

Sikuuliza mgonjwa gani. Wiki mbili nzima nilikuwa na donge moyoni. Kalunguyeye aliyekuwa akija bustanini kwangu, hapa Manyoni, kula makoa waliokuwa wakimaliza mchicha, nilimwekea maziwa jioni tatu mfululizo. Kwetu mgeni hapewi maji matupu. Mama mkwe wangu, Bi Nyamizi, alinionya kwamba maziwa yatamharibia tumbo, nikamwona mchoyo. Jioni ya tatu mnyama aliondoka akiyumba, hakuonekana tena. Niliamini nimemuua.

Ufagio unatangulia. Tunapita kwenye tundu la uzio lenye upana wa kisahani, kwa sababu ndiyo njia ya wageni, na mimi na mwili wangu huu napita bila hata kuvua kilemba. Upande wa pili si kwa jirani tena, ni zahanati. Nesi ni konokono, kwa hiyo foleni haijasogea tangu mwaka juzi.

Ananiuliza nilimpa nini mgonjwa. Namjibu maziwa, na mkate kidogo. Anaandika kwa ute wake, herufi moja moja, huku jasho likinitoka. Akimaliza ananionyesha kitanda.

Kalunguyeye amejifunika shuka hadi kidevuni, na miiba imelitoboa shuka lote. Nataka kumwomba radhi, linatoka jingine.

"Mbona uliyanywa?"

"Uliyaleta kwa mikono miwili, Mama Shija. Ningekataaje?"

Nalia. Ananiacha nilie, kisha ananiambia amepona siku nyingi, pale amelala kwa sababu hana kwingine. Kila alfajiri nafagia uwanja mpaka unang'aa, na majani yale ndiyo godoro lake. Ufagio unatazama pembeni.

Anachotaka ni maji kwenye kisahani, na rundo la majani ambalo hakuna atakayeligusa. Tena nimwachie kiberiti changu, ili aweze kulala bila wasiwasi. Nakitoa kwenye pindo la khanga na kumpa. Sijawahi kutoa kitu kwa furaha namna ile. Konokono anainua muhuri ili agonge, na mpaka ndoto inakatika bado anauinua.

Niliamka kumekucha. Bi Nyamizi alikuwa uwanjani akiuliza kiberiti kiko wapi, achome rundo la majani nililofagia jana. Nikapapasa pindo la khanga nililolifunga mwenyewe kabla ya kulala. Fundo lilikuwa limekazwa vilevile, ndani hamna kitu.

Nikatoka mbio, miguu mitupu. Kiberiti kilikuwa kimechomoza kwenye rundo, kimetobolewa vitundu pande zote. Chini yake majani yalikuwa yakipanda na kushuka taratibu, kama blanketi la mtoto aliyelala. Nikakaa pale pale mavumbini.

"Leo hatuchomi, mama," nilisema.

Bi Nyamizi akainama, akachungulia kwa muda, akaona pua. Alirudi jikoni, na alipotoka alikuwa amebeba kisahani cha maji, kwa mikono miwili.