Filimbi Juu

Askari wa misitu walimwita Mzee Mkebe, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na mama yake. Miaka thelathini alifundisha watu kutoka hai porini, na somo lake la kwanza na la mwisho lilikuwa mkebe wa bati wa peremende za kifua, ule unaoingia mfuko wa shati. Viingie vitu kumi na viwili, si kumi na kimoja, si kumi na vitatu, na ukiutikisa sikioni usilie. Kisha alikagua. Alifungua mkebe wa kila mtu, akatia alama ya vema kwa kalamu ya risasi penye sawa, na chini ya karatasi akaandika neno moja: Amepita, au Arudie. Neno la tatu hakuwa nalo.

Binti yake alianza kurudia akiwa na miaka saba. Wenzake wakiruka kamba nje, yeye yuko mezani jikoni anachovya njiti za kiberiti kwenye nta, ulimi nje, vidole vimeungua.

"Umevunjika mkono," mzee angesema huku akigonga meza kwa kidole. "Unafungua mkebe kwa meno. Kitu cha kwanza kukutana na mdomo wako kiwe nini?"

"Filimbi."

"Basi mbona juu kuna ndoano? Unataka kujivua kama samaki? Filimbi juu! Na utepe huu, ncha yake umeikunja? Hukuikunja. Mtu mwenye baridi ataupata wapi mwanzo wake? Arudie!"

Alimwambia hivyo hivyo, "arudie", machoni pake, kana kwamba anamsema mtoto wa jirani. Na jamani, asije mtu akadhani ulikuwa utani wa baba na mwana. Binti yule alikua, akamaliza shule, akajifunza ufundi wa miwani, na hakuwahi hata siku moja kupata Amepita.

Sasa ana miaka arobaini na mmoja, na baba yake akili inamtoka kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo yenye ufa. Ugonjwa wa kusahau hauna haraka, lakini haurudishi ulichochukua. Kwanza yalikwenda majina. Kisha maandishi: alipewa karatasi atie sahihi akaishika kalamu muda mrefu, halafu akairudisha kwa adabu kama mtu aliyepewa kijiko cha wenyewe. Kisha miguu ikaanza safari zake. Mara ya kwanza alikutwa kwenye lango la shule, kasimama katikati ya wazazi, anamsubiri binti yake wa darasa la pili. Mara ya pili alikuwa kwa wafyatua matofali. Mara ya tatu walimpata ukingoni mwa msitu wa misonobari, ule unaoanzia nyuma ya nyumba za mwisho, kachanika mikono, anacheka.

Siku hiyo kaka mtu, dereva wa lori la mchanga, alikuja na kufuli. Jipya, bado limebanwa kwenye kadi yake. Akaliweka mezani jikoni.

"Tumfungie," akasema.

"Baba si mbuzi."

"Mbuzi ana afadhali, jioni anarudi mwenyewe."

Binti alikumbuka ahadi yake. Mwaka uliotangulia, siku moja ya akili timamu, mzee alimshika kifundo cha mkono akamwambia: nifanyieni lolote, lakini msinifungie mlango. Naye akasema, sikufungii, Baba. Alisema kwa kinywa chake, hakulazimishwa.

"Nipe nafasi moja," akamwambia kaka yake. "Namtengenezea mkebe."

Kaka akacheka bila furaha. "Mtu hajui tena kijiko ni cha nini, wewe unampa ndoano?"

"Mikono yake inakumbuka. Hujamwona anavyofunga kamba za viatu? Akipotea ataufungua, atapuliza filimbi, tutamsikia."

"Na asipopuliza?"

"Lawama yangu."

"Haya. Nimekusikia," kaka akasema, akainuka. "Na ukuta umekusikia."

Kufuli likabaki pale pale.

Mkebe aliufungia kazini, kwenye duka la miwani, saa ya chakula cha mchana, kwenye chumba cha nyuma chenye meza nyembamba, mashine ya kusagia lenzi na droo za skrubu ndogo kama punje za mtama. Alivuta pazia. Akapanga vitu juu ya kitambaa cha kufutia miwani. Wembe umefungwa kwenye kadibodi. Sindano na uzi mgumu. Ndoano tatu na mshipi wake. Waya wa mtego, umezungushwa. Njiti kumi za kiberiti zimevaa nta. Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, maana hiyo inashika moto hata kwenye unyevu. Kipande cha mshumaa. Dira ndogo kama kifungo. Kioo. Kondomu moja ya kubebea maji, kwani mzee aliapa inabeba lita nzima. Hiyo ya mwisho aliinunua duka la dawa, na muuzaji alipotabasamu akajikuta anajitetea: "Ni ya baba yangu." Lo! Afadhali angenyamaza. Muuzaji aliinama chini ya kaunta akatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Kisha kipande cha kalamu ya risasi na karatasi. Kwenye karatasi akaandika kwa herufi kubwa:

BABA, UMEPOTEA.
KAA HAPO HAPO.
PULIZA FILIMBI MARA TATU.
PUMZIKA, PULIZA TENA.
NAKUJA.

Na filimbi ya bati, kitu cha kumi na mbili.

Hapo angekoma, na kisa hiki kisingekuwepo au kingekuwa kingine. Lakini kazi ya mtu humtia kiburi. Akaona mkebe una kila kitu cha baba, hauna kitu chake. Akachukua lenzi ya mteja ambayo haikuwahi kuchukuliwa, ya nguvu, yenye kukusanya jua mpaka karatasi ikatoa moshi, akaisaga iwe duara dogo. Ikakaa vizuri, ila ni nene. Filimbi ikiwa juu, kifuniko hakifungi. Aligeuza hivi, akageuza vile. Mwisho akaitoa filimbi akailaza chini kabisa, chini ya pamba, lenzi ikakaa juu. Kifuniko kikafunga taratibu.

Alikumbuka. Asisingiziwe kwamba alisahau. Sauti ya mzee aliisikia, filimbi juu, na kidole kikigonga meza. Akaijibu kimoyomoyo: atamwaga vyote, Baba, ataiona tu. Akazungusha utepe mweusi wa mafundi umeme, mizunguko miwili, akaukata. Mteja akagonga mlango wa mbele, akaenda kumfungulia. Ncha ya utepe hakuikunja.

Jioni alimpa mzee mkebe wake. Mzee aliupima kiganjani, akautikisa sikioni.

"Haulii," akasema. "Aliyefunga huu si mvivu. Mnakwenda wangapi?"

"Wewe peke yako, Baba. Hebu niambie, ukipotea unafanya nini?"

Mzee alimkazia macho kama mtu aliyetukanwa. "Mimi? Mimi nipotee? Wewe binti, mimi ndiye ninayetafuta waliopotea!"

Akautia mfuko wa kushoto wa shati, akafunga kifungo. Binti alicheka mpaka machozi. Neno lile lilimpita hivi hivi, kama utani wa mzee.

Ukapita mwezi. Mkebe haukutoka mfukoni. Kila asubuhi mzee alibadilishwa shati, na kila asubuhi aliuhamisha mwenyewe na kufunga kifungo. Binti akaanza kulala usingizi. Hata kaka mtu alikiri, kwa kuguna, kwamba labda.

Halafu alasiri moja ya mvua, binti akiwa dukani anabana skrubu kwenye fremu ya mwalimu mmoja, jirani anayekaa na mzee mchana alitoka uani kuanua nguo. Nguo ngapi? Shuka mbili na kanga. Aliporudi, mlango wa mbele uko wazi, na viatu vya mzee havipo.

Walimtafuta siku mbili. Walikuja askari wote aliowafundisha, wengine wamestaafu, wengine na matumbo yao, wakiongozwa na mmoja wanayemwita Mrefu. Huyo alimwambia binti, "Dada, usiogope. Mkebe anao?"

"Anao."

"Basi tutamsikia."

Walijipanga mstari mmoja, hatua kumi kati ya mtu na mtu, wakaingia kwenye misonobari. Kila baada ya dakika kumi Mrefu aliinua mkono, wote wakasimama. Hakuna aliyekohoa. Walisikia matone yakidondoka kutoka kwenye matawi, na mbali kidogo malori barabarani. Filimbi hawakuisikia. Kaka mtu, ambaye sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuita, kila waliposimama alimtazama dada yake mdomoni, kana kwamba sauti ile ingetoka kwake. Siku ya kwanza peke yake walipita mara sita kwenye njia pana iliyofyekwa kuzuia moto.

Asubuhi ya tatu Mrefu alimkuta hatua mia nne kutoka kwenye njia ile. Mzee alikuwa amekaa, mgongo kwenye shina, kamba za viatu zimefungwa sawasawa. Baridi ilikuwa imemaliza kazi yake. Mrefu alisimama mbele yake, akapiga saluti, akasema, "Shikamoo, afande," kisha akakaa chini kwenye maji akalia kama mtoto.

Mkebe alimletea binti mkononi. Umefungwa, utepe mweusi mzima.

"Hakuufungua, dada," akasema.

Alizikwa kesho yake. Kaka mtu hakumlaumu dada yake. Angemlaumu ingekuwa nafuu, maana binti alikuwa na majibu tayari, ameyapanga yote, na hakuna aliyeyauliza. Aliwapokea wageni, akaosha vikombe vya watu, na kufuli liko pale pale mezani, kwenye kadi yake. Moyoni alikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa ya mzee. Kila kitu nilikupa, alisema peke yake akisugua sufuria. Kilikuwa kifuani pako. Umeshindwa hata kufungua!

Wageni walipokwisha, akakaa na mkebe. Alitafuta kisu cha kukatia utepe, na kidole chake kikagusa kitu. Ncha ya utepe ilikuwa imekunjwa, kijisikio kidogo nadhifu. Akavuta, utepe ukafunguka wote bila kisu, na jani jembamba la msonobari lililonaswa chini yake likaanguka mezani.

Yeye hakuikunja ncha ile. Alikumbuka mteja, mlango, mkasi.

Akafungua kifuniko. Filimbi ilikuwa juu.

Ilikuwa imelazwa katikati, mdomo wake ukielekea kwa mfunguaji, kama alivyofundishwa jikoni hapo hapo miaka thelathini na nne iliyopita. Chini yake kila kitu kimepangwa upya, vizuri kuliko alivyopanga yeye. Njiti hazikuguswa. Lenzi haikuwemo. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, akaikunjua.

Mbele ya kila mstari palikuwa na alama ya vema, kwa kalamu ya risasi. Kaa hapo hapo: vema. Puliza filimbi mara tatu: vema. Pumzika, puliza tena: vema. Hata pale penye Nakuja alitia vema. Nyuma ya karatasi kulikuwa na maandishi ya mtu ambaye kwa mwaka mzima hakuweza kuandika jina lake, nayo yalisimama wima kama askari kwenye gwaride:

Lenzi ya nini? Msituni hakuna jua. Filimbi juu. Ncha ya utepe ikunjwe. Arudie.

Kumbe mzee aliufungua. Alikaa kwenye baridi, mvua inamnyeshea, akatoa kila kitu, akashika filimbi kwa mkono wake, akasoma anachotakiwa kufanya, akakuta ni sahihi. Kisha akakagua mkebe wa mwanafunzi, akaufunga, akaurudisha mfukoni na kufunga kifungo. Hakupotea. Yeye alikuwa kazini.

"Nirudie wapi, Baba?" binti akauliza, kwa sauti, jikoni mtupu. "Sasa nirudie wapi?"

Akaichukua filimbi, akaiweka mdomoni. Akapuliza mara tatu.

Kaka yake alikuwa barabarani anapasha moto injini ya lori. Aliingia mbio, kiatu kimoja kimemvuka, macho yamemtoka. "Wapi? Yuko wapi?" akasema, kabla hajakumbuka.

Binti akamsogezea karatasi. Kaka akaisoma amesimama, midomo ikitembea, akaigeuza, akaisoma tena mbele na nyuma. Kisha akavuta kiti.

"Umeisikia?" dada mtu akauliza.

"Nimeisikia," kaka akasema. "Injini inanguruma, na nimeisikia."