Sulochana na Duka la Kunakili

Siku Sulochana alipoingia darasani kwetu mtaani Ameerpet, niliwahi kuweka mkoba wangu kwenye kiti cha jirani ili asikae. Aliuinua, akaniwekea mapajani, akakaa.

"Shangazi, darasa la ushonaji liko ghorofa ya chini," nikamwambia. Wa nyuma wakacheka.

"Nimelipita. Wale wana adabu kuliko wewe."

Ndivyo tulivyoanza. Mimi, Swarupa, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na shahada ya uhandisi. Yeye alikaribia arobaini, mpiga chapa aliyeachishwa kazi kwa wakili. Tulikuja wote kujifunza kutengeneza tovuti, watu themanini chini ya feni mbili, na kila mtu alimtazama mwenzake kama mwizi wa kazi yake.

Mwalimu wetu, Vamshidhar, hakupenda maswali. Wiki ya kwanza alitugawia msimbo, yale maandishi yanayoiamuru kompyuta, wa duka zima la mtandaoni, limekamilika, kikapu na kila kitu.

"Nakilini. Karirini majibu arobaini niliyowaandikia. Kwenye usaili semeni mmelijenga wenyewe."

Sulochana akanyoosha mkono. "Bwana, mstari huu kazi yake nini?"

"Kufanya duka liende."

"Nikiufuta?"

"Ukiufuta utarudi nyumbani kupika mchuzi wa sambar."

Tulicheka hadi machozi. Yeye akaufuta. Duka lote likatoweka, kioo cha kompyuta kikawa cheupe, naye akaandika kitu daftarini. Tangu hapo hakuligusa tena. Alifungua ukurasa mtupu, akaweka jina lake tu. Kisha kitufe kimoja: ukikibonyeza, namba inapanda. Wiki nzima, kitufe kimoja! Kisha kikokotoo, ambacho kwa siku tatu kilishikilia kwamba mbili na mbili ni ishirini na mbili.

"Njooni muone hesabu za shangazi!" nikaita.

Walijaa begani kwake. Hakuinua uso. Walipotawanyika nilimsikia akinong'ona, "Ah. Inadhani namba ni maneno, ndiyo maana inazibandika pamoja." Akarekebisha mstari mmoja, ikawa nne. Hakunitazama hata hapo, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenitukana.

Baada ya kikokotoo akatengeneza orodha ya sokoni: unaongeza kitu, unafuta, ukizima kompyuta na kuiwasha orodha bado ipo. Vamshidhar akasimama nyuma yake akaisoma kwa sauti. "Nyanya. Ukwaju. Wenzako wanajenga duka, wewe unajenga kikaratasi? Unaniharibia jina."

"Wanajenga? Muulize yeyote kikapu kinajumlishaje."

"Swarupa, mwambie."

Nikafungua mdomo. Majibu yote arobaini nilikuwa nayo kichwani, na hilo halikuwamo. Nikamchukia Sulochana.

Mwezi Machi kampuni moja ndogo ilituita kumi na wawili kwenye usaili. Hakuna aliyeulizwa chochote. Kila mmoja alikalishwa mbele ya kompyuta isiyo na mtandao na ukurasa mtupu: tengeneza orodha ya wagonjwa wa zahanati, jina liongezeke, lifutike, na libaki hata ukurasa ukifungwa. Dakika tisini.

Nilitazama ule weupe. Kuandika kitufe cha kwanza tu kulinishinda. Mwenzangu mmoja alitoka dakika ya ishirini bila kuaga. Mstari wa mbele vidole vya Sulochana vilikuwa vinakimbia, vile vidole vya mpiga chapa, na nikajua. Walimchukua yeye peke yake.

Baada ya siku tisa bango kubwa likaning'inizwa mlangoni kwa Vamshidhar: uso wa Sulochana, na chini yake, "Ametoka mikononi mwetu." Mchana ule ule alitokea na mkasi. Akachukua stuli ya muuza chai, akaniona nimesimama.

"Wewe. Shika hii."

Nikashika. Akapanda, akaanza kukata.

Vamshidhar akatoka mbio. "Una wazimu? Hiyo mali yangu!"

"Bango lako. Uso wangu."

"Nimekufundisha miezi minne!"

"Umenicheka miezi minne." Kipande kikadondoka. Akashuka, akakikunja na kukitia kwapani. Bango likabaki na tundu, na watu wa mtaa mzima wakitazama.

Nilimfuata hadi kwenye bajaji. "Dada Sulochana. Nifundishe."

Akanipima kutoka juu mpaka chini. "Sina muda. Na sikupendi."

Akaondoka. Sikumlaumu, ingawa usiniulize kama sikulia.

Darasa niliacha wiki ile. Nilijitengenezea saa ya kwenye kompyuta, kisha fomu, kisha maswali ya chemshabongo, kimoja baada ya kingine, vibovu vyote mwanzoni. Mvua zilikuwa zimekwisha nilipopata kazi yangu. Ofisi yangu na ya Sulochana zinatazamana. Tunakutana kwenye foleni ya vitumbua vya idli karibu kila asubuhi, na mpaka leo hanisalimii.