Uzio wa Meli ya Suryakant

Mchana, watu wa Bukoba walipokwenda kula, Suryakant alifunga ubao mmoja wa mlango wa duka na kuacha mwingine wazi. Alikula chapati na dengu, akanawa mikono kwa sabuni ya kufulia kwa sababu mafuta ya chapati na gundi havipatani, kisha akaketi kwenye meza iliyo chini ya dirisha ili aendelee na meli. Nyuma yake rafu zilikuwa na khanga, betri za redio, chumvi, na vile vitambaa vya kumeremeta vilivyovushwa kutoka Uganda baada ya vita. Watu waliviita Juliana. Ugonjwa wa kukondesha ulipoingia nao wakauita Juliana, na tangu hapo hakuna aliyevinunua. Suryakant aliviacha palepale, akivipangusa vumbi kila Jumamosi.

Meli yenyewe ilikuwa ya vita, ya plastiki, yenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Ya kweli ilizama na watu wake kabla Suryakant hajazaliwa. Alianza kuiunganisha mwaka ambao ndege za adui zilidondosha mabomu mjini na mkewe, Jashoda, akachukua watoto kwenda Leicester, ng'ambo, akisema atarudi vita vikiisha. Vita viliisha. Kioo cha kabati kilichovunjika siku ile ya mabomu ndicho alichokitumia sasa kama kibao cha kukatia vipande vya shaba, na kilifaa sana.

Vipande hivyo vilitumwa na dada yake, Hemlata, aliyekuwa akiishi hukohuko Leicester na kumhurumia. Vilikuwa kwenye bamba la shaba ya njano, jembamba kama jani la kitunguu, lililochongwa kwa tindikali kufuata picha badala ya kukatwa kwa msumeno, hivyo ungeona hata misumari ya milango. Kulikuwa na ngazi, rada, vifuniko vya madirisha na uzio wa kuzungushia sitaha. Chini kabisa kulikuwa na mabaharia, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele, wamesimama wamebana mikono na hawana sura. Kazi ilikuwa kukata kwa wembe kile kiungo kinachomshikilia mtu kwenye bamba, kumpasha moto juu ya mshumaa ili shaba ilegee, kumkunja mikono kwa kibano na kumsimamisha juu ya tone la gundi kali.

Wa kwanza aliyemsimamisha alikuwa Philbert, fundi cherehani aliyeshonea barazani mwa duka mpaka alipougua na kufa. Suryakant alimtambua kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni. Philbert alimsalimu, akauliza kama cherehani imepakwa mafuta, kisha akalalamika kwamba pale juu kuna upepo. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mbu nyuma ya chandarua, lakini maneno yalisikika. Suryakant akasogeza kabati likinge dirisha.

Baada ya hapo kila kijitu alichokikata kilikuwa mtu. Habari zilifika Kanazi, zikafika Muleba, na watu wakaanza kuja mchana kuwatazama marehemu wao. Walinunua kiberiti au sabuni kwa ajili ya heshima, wakainama mezani na kuzungumza. Lalamiko lao lilikuwa moja: sitaha haikuwa na uzio. Upepo ulipoubamiza mlango, mtu alianguka, na mara mbili Suryakant alimkuta mtu wa heshima zake kwenye takataka za ufagio. Aliwaeleza kwamba katika kazi hii uzio huja mwisho, maana ukiguswa na mkono tu unapinda. Watu wakasema wamemwelewa, ila afanye haraka.

Joviana alikuja kutoka Nshamba mwezi mmoja kabla ya msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Alikuwa mjane, mama wa wasichana wawili, mkubwa akiitwa Clotilda, na mumewe Anatory alikuwa amesimama karibu na mzinga wa mbele, kofia mkononi, kama alivyokuwa akisimama kanisani. Joviana alimtazama muda mrefu. Akamuuliza kama anaumwa popote, naye akajibu kwamba haumwi, mdomo umepona. Ndipo Joviana akalia kidogo, kwa sababu mdomo ndio uliokuwa umemtesa.

Kisha akamwambia kilichomleta. Ukoo ulikuwa umempa mpaka senene ziishe awe ameondoka kwenye kibanja, ile migomba na kahawa na nyumba ambamo aliingia akiwa bibi harusi, na ambamo Anatory alizikwa. Kaka yake Anatory, Karugendo, ndiye angekichukua. Joviana angerudi kwa baba yake, kijijini Ngenge. Baba yake alikuwa ameshakufa, lakini hilo ukoo haukulihesabu kuwa kikwazo.

"Mimi nilikupa," Anatory alisema. "Karugendo alikuwepo. Alikuwa ameshika mguu wa kitanda."

"Anasema hukunywa."

Katika ukoo wao neno la kugawa ardhi hufungwa kwa rubisi, ile pombe ya ndizi: anayetoa hunywa kutoka kwenye kibuyu mbele ya ndugu, na ikishashuka kooni neno halirudi tena. Siku aliyotoa, Anatory alikuwa na vidonda kuanzia midomoni hadi kooni. Joviana alichovya pamba kwenye rubisi na kuikamulia ulimini mwake. Tone moja liliingia. Baada ya matanga Karugendo aliuambia ukoo kwamba tone lile lilitoka pembeni mwa mdomo, halikushuka, na kama neno halikushuka basi halikusemwa.

Joviana alimwomba Suryakant ampe mumewe akaseme mwenyewe. Suryakant hakupenda kukipinda kitu kilichonyooka, lakini alimheshimu mama huyo, na alijua maana ya kungojea mtu arudi. Akachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akaidondosha kwa ncha ya sindano miguuni pa Anatory, gundi ikaachia. Dawa ile hula plastiki pia, na palibaki kishimo kidogo kwenye sitaha. "Nyayo zake zisishikwe, mama Clotilda," alisema, "zimelegea." Akamlaza kwenye kiberiti kitupu juu ya pamba.

Joviana alipanda basi la Muleba akiwa amekishika kiberiti kile kwa mikono miwili. Njiani Anatory aliuliza wamefika wapi, naye akamwambia. Aliuliza kahawa ya mwaka huu imezaa namna gani, akamwambia hiyo pia. Abiria wa kiti cha pili, aliposikia sauti ya mwanamume kwenye kiberiti, alimpa pole ya msiba.

Ukoo ulikutana nyumbani kwa Karugendo, juu ya nyasi mpya zilizotandikwa. Aliyeongoza alikuwa Rugambwa, mtu mnene mwenye redio ya mkononi, ambaye aliizima kwa heshima. Joviana alimsimamisha Anatory kwenye kifuniko cha birika ili aonekane. Wote wakainama wakamtazama. Wakasema ndiye, hata kofia ni ile. Wakampa mkono, yaani kila mmoja alimgusa kwa ncha ya kidole, na kwa kuwa mgeni hakaribishwi mikono mitupu, Karugendo akamwekea punje ya kahawa ya kutafuna. Ilimfika kiunoni. Anatory alishukuru, "Kasinge, waitu," akaiegemea. Walimuuliza habari za marehemu wengine wa ukoo naye akawajibu kwa zamu, kwa subira, mpaka Joviana akaona jua linaelekea migombani.

Alipopewa nafasi, Anatory alisema maneno yaleyale. Kibanja nimempa Joviana na wanangu wa kike. Nilikitoa nikiwa na akili zangu. Karugendo alikuwepo.

"Tumesikia," Rugambwa alisema. "Hakuna anayebisha. Karugendo, unabisha?"

Karugendo alisema habishi, sauti ni ya mdogo wake kabisa, na amefurahi kumwona amenona.

"Basi anywe," Rugambwa alisema.

Kibuyu kililetwa. Joviana alichovya unyasi kwenye rubisi, akausogeza kwenye uso wa mumewe. Anatory alifungua mdomo, au alijaribu, kwa kuwa aliyemchora kule kiwandani hakumchora mdomo wa kufunguka; sauti yake ilitoka tu, kama inavyotoka kwenye redio. Tone lilimkaa usoni, likateleza kifuani, likashuka mpaka kwenye kifuniko cha birika. Joviana alichovya tena. Alichovya mpaka Anatory akawa amelowa kama mtu aliyenyeshewa.

"Haikushuka," Karugendo alisema kwa upole.

"Haikushuka," Rugambwa alikubali. Akamshukuru marehemu kwa kusafiri mbali, akasema kila mtu ameridhika kwamba amesema kweli, na kwamba kibanja ni cha Karugendo.

Joviana alinyoosha mkono amchukue mumewe. Karugendo alikuwa ameshamfuta kwa upindo wa kanzu na kumweka dirishani, upande unaotazama kaburi lake. Alieleza kwamba Anatory ni wa ukoo, na mtu wa ukoo haondoki kwao na mwanamke anayekwenda Ngenge. Wasichana hakuna aliyewagombea.

"Nimesema, Joviana," Anatory alisema kutoka dirishani.

"Umesema," alijibu.

Hakuna maneno ya kuzungusha hapa: Joviana aliondoka Nshamba na roho iliyopondwa. Alikuwa amekwenda kudai shamba akiwa na mume, akarudi bila mume na bila shamba. Ngenge hakwenda. Alikwenda Bukoba na wanawe, akamrudishia Suryakant kiberiti kitupu, na Suryakant, baada ya kutazama ndani na kuona pamba tu, akampa chumba cha nyuma ya duka na cherehani ya Philbert. Philbert alimpa masharti marefu juu ya mafuta na sindano.

Wateja walipokuwa wachache Joviana alijifunza meli. Alikuwa amesuka mikeka tangu utotoni na vidole vyake vilijua kungoja. Suryakant alipoona hivyo, naye macho yake yameanza kuchoka, alimwachia uzio. Ni kazi ya kuudhi. Unakata ukanda mwembamba wa shaba, unaukunja taratibu ufuate mzunguko wa sitaha, unagusisha gundi kwenye nguzo moja tu, unangoja, ndipo unakwenda nguzo ya pili. Ukitaka kuimaliza siku moja utaiharibu yote. Joviana alianzia nyuma ya meli, akawa anasogea mbele kidogo kidogo, na kila alipopita marehemu walimshukuru na kuegemea. Watu hawakuanguka tena upande huo.

Alipofika karibu na mzinga wa mbele, ilikuwa msimu mwingine wa senene, na watoto walikuwa wakizikimbiza chini ya taa za posta. Asubuhi hiyo Suryakant alikata kijitu kipya, akakipasha, akakikunja, akatafuta pa kukisimamisha. Kile kishimo cha Anatory kilikuwa bado kipo, na miguu iliingia vizuri. Gundi iliposhika, akamwita Joviana, kisha yeye mwenyewe akaenda kupanga viberiti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Alikuwa Karugendo. Alikuwa amekonda kabla ya kufa, lakini shaba ilikuwa imemnyoosha. Joviana alikuwa amesikia kuwa anaumwa, na kuwa kibanja sasa kimeshikwa na mwanawe, Aroni, aliyekata kahawa nusu na kupanda maharage. Joviana alimsalimu kama mtu anavyomsalimu shemeji yake. Alimuuliza kuhusu dirisha, naye akasema Anatory bado yupo pale, amekuwa wa kijani miguuni kwa sababu ya ile rubisi, ila hajambo.

Joviana akachukua kibano na kipande cha uzio.

"Mulamu," Karugendo alisema. Mulamu ni shemeji, na hakuwa amemwita hivyo tangu matanga. "Ile siku ya kitandani. Ilishuka. Niliona koo lake likicheza."

Joviana alipaka gundi kwenye nguzo ya kwanza, akaigusisha kwenye sitaha mbele ya miguu ya shemeji yake, akaishikilia. Watu wote wa upande huo wa meli walikuwa wamesikia, na Philbert alikohoa ingawa hakuwa na kifua cha kukoholea.

"Nimesikia," Joviana alisema.

"Nipeleke Nshamba. Nikamwambie Aroni mbele ya Rugambwa, mbele ya ukoo wote. Nitasema kila kitu."

Gundi ilikuwa bado haijashika. Joviana hakuinua macho.

"Utakunywa, mulamu?"

Upepo ulisukuma ubao wa mlango, ukagonga mara moja, na meli ikatikisika mezani. Karugendo aliyumba mbele, akakamata uzio kwa mikono yake miwili. Ulikuwa umeshika. Joviana aliuachia, akaupuliza kidogo ili ukauke, akachovya sindano kwenye gundi na kuhamia nguzo ya pili.