Bomba la Nyuma ya Wizara

Fundi bomba alikuwa amepiga magoti kwenye tope, spana imeuma shingo ya bomba, na koki aliyokwisha kuing'oa imelala kando yake kama jino bovu. Nje ya uzio wa nondo wanawake walisimama na ndoo na madumu yao, wakimtazama.

"Nani amekutuma?" Mama Birika alimuuliza kutoka mlango wa jiko la wizara, aproni kiunoni.

"Mama, mimi ni spana tu. Mkono uko ofisini."

"Na huo mkono umekwambia watu hawa wanywe nini?"

 Fundi alizungusha kizibo cha chuma kwenye mdomo wa bomba, akakaza, akakaza tena, mpaka tone la mwisho likakatika.

"Kwani ni kweli wizara imekufa?" akauliza muuza mkaa, mwanamke mnene aliyesimama mbele ya foleni. "Kama imekufa, basi tupeni maji ya kuoshea maiti."

Wenzake wakacheka kicheko kikavu. Mama Birika hakucheka. Alikuwa amemwona mkwe wake mwishoni mwa foleni, mtoto mchanga mgongoni, dumu tupu mkononi.

Wizara ilikufa kweli. Na ilivyozaliwa, Mama Birika alishuhudia, maana alianza kuchemsha chai pale rangi ya kuta haijakauka. Mwaka ule watu wa mtaa wa nyuma walikunywa maji ya mtaro, wakaharisha, wakazika. Kisha wakabeba ndoo tupu mpaka mlangoni kwa mkubwa wa nchi, wakakaa chini barabarani. Hawakuimba, hawakurusha jiwe. Walikaa tu, na hawakuondoka. Ndipo kikachongwa kiti kipya, cha Waziri wa Maji. Aliyekikalia kwanza alikuwa bwana mrefu aliyezoea kunywa chai amesimama. Alipoona jengo lake lina kisima na pampu, akaamuru bomba lipelekwe mpaka kwenye uzio wa nyuma. "Siwezi kuitwa wa maji," alisema, "na jirani yangu analamba midomo."

Akaja wa pili, waliyemwita Kikohozi, akatia kufuli. Maji yakawa ya asubuhi tu. Akaja Bibi Marashi, akalifungua kufuli mbele ya kamera. Kamera zilipoondoka, kufuli likarudi, na Mama Birika ndiye aliyelalamika kila siku mpaka likatolewa. Wa mwisho, Kijana wa Simu, hakuwahi kufika nyuma ya jengo. Hata wizara ilipofutwa alikuwa akiongea na simu. Wakubwa waliikunja ndani ya wizara ya ujenzi, kisha ujenzi nao wakaukunja ndani ya kitu kingine, kama mtu anavyokunja shuka mpaka lienee kwapani. Jengo likapata wenyewe wapya, na hao hawakutaka kuona foleni ya ndoo dirishani kwao.

Na siku hiyo hiyo ya kuziba bomba ndiyo waliyochagua kuwaalika wote waliowahi kukalia kile kiti, wasomewe historia yake ukumbini, kisha wanywe chai.

"Birika." Msimamizi wa jengo, ambaye watu walimwita Funguo, aliingia jikoni akijifuta jasho. "Wageni wameketi. Pampu imezimwa; maji ya chupa hayo kwenye katoni, chemsha."

"Bomba umelikata."

"Sikulikata mimi. Ni amri."

"Amri haina miguu. Nani aliyemfungulia fundi geti?"

"Dada yangu, nisikilize. Nimewaomba wenyewe wapya wakubakize. Nimekusifia mpaka koo limekauka. Usiniaibishe. Chemsha chai, habari za bomba tutaongea kesho."

"Kesho," alisema Mama Birika, kama mtu anayetema mbegu.

Funguo akaondoka. Sauti ya msomaji ilipenya ukutani, nene, iliyoshiba: kiti hiki kilianzishwa kutokana na huruma ya viongozi wetu. Mama Birika alisimama na birika mkononi. Huruma. Akamkumbuka dada yake siku ile barabarani, ndoo mapajani, udongo wa kaburi la mtoto bado uko kwenye kucha. Huruma ya nani?

"Mama." Mkwe alikuwa amefika kwenye nondo. Hakupandisha sauti. "Nirudi hivi hivi?"

Birika likawekwa chini. Mama Birika akaburuta katoni ya kwanza mpaka uzioni, akaipasua kwa kisu.

"Lete dumu."

Dumu halikupita kwenye nondo, lakini shingo ya chupa ilipita. Maji yakatoka kwa kugugumia, kidogo kidogo. Chupa ya kwanza dumu hata halikuijua. Akafungua nyingine, na nyingine, viganja vikimwasha kwa kuzungusha vile vizibo. Ndoo zikasogea.

"Leo tunakunywa ya kiwaziri," alisema muuza mkaa. "Mtoto akianza kutoa ahadi, mpelekeni ukumbini."

Funguo alitokea mbio, akasimama ghafla alipoona katoni. "Birika, umerukwa na akili? Watu wanaulizia chai."

"Waambie imeunganishwa na wizara nyingine."

"Kazi yako imekwisha. Unajua hilo?"

"Najua. Pita, unanizibia njia."

Nyuma ya Funguo alikuja mzee mrefu mwenye fimbo, akitembea kwa kupapasa ukuta. Yule waziri wa kwanza. Mama Birika hakumwamkia.

"Mama Birika," alisema mzee. "Bomba langu liko wapi?"

"Limezibwa."

"Hawana haki."

"Wanayo. Ulipolileta hapa, uliandika popote kwamba ni la hawa?"

Mzee aliangalia fimbo yake. "Nilifanya kwa moyo mweupe."

"Na ulipostaafu, ukaondoka nao." Akamimina chupa nyingine. "Hawa hawakuomba moyo wako, mzee. Walikaa barabarani wakadai maji. Ninyi mkawapa fadhila. Fadhila ina mwenyewe, akiitaka anaichukua."

Ukumbini wakapiga makofi. Funguo akarudi ndani.

Mzee akaegemeza fimbo ukutani. Akainama polepole, akachukua chupa kwenye katoni, akajaribu kuifungua. Vidole viliteleza. Akaifuta kwa ncha ya koti lake, akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama. Mama Birika alimwangalia, asimpokee. Upande wa pili wa nondo muuza mkaa alikuwa amekwisha kuinua ndoo yake, ameishika kwa mikono miwili usawa wa kifua, akingoja kizibo kizunguke.