Turubai Lililoliwa na Panya

"Usitafute mchawi. Umeiua mwenyewe, kwa mikono yako miwili."

Baba mdogo alikuwa ameshapandisha sauti mpaka majirani nadhani walikuwa wamezima redio wasikilize vizuri. Mimi nimepiga magoti katikati ya sebule, mkononi nimeshika ncha ya nailoni niliyotoka kuibandua. Chini yake ndo ilikuwa sakafu ya baba, ile nyekundu ya saruji iliyokuwa inang'aa mpaka unaona meno yako. Sasa ilikuwa na mabaka meupe kama mgongo wa mtu mwenye choa. Na pembeni kote, pale nilipopitisha selotepu, selotepu ilikuwa imetoka na nta, nta ikatoka na wekundu. Mstari mweupe umezunguka chumba kizima, umenyooka kama wa rula. Nilibandika kwa uangalifu, si unajua.

Nikamwambia anyamaze. Akaniuliza nani anyamaze. Nikasema wewe. Hapo sasa ndo tukaachiana maneno ambayo hayarudishwi mdomoni, mengine siyaandiki hapa.

Ngoja nieleze. Baba alikuwa fundi wa sakafu na rangi. Hii ya kwetu aliimwaga mwenyewe kabla sijazaliwa, akaipiga mwiko siku nzima bila kula, na watu walikuwa wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Kwangu mimi, baba amebaki mle chini. Picha yake moja iliyopo kafumba macho, haina maana.

Baba mdogo ni mdogo wake wa mwisho. Alikuja kukaa kwetu wiki mbili, leo ni mwaka wa tatu. Mwezi uliopita akasema nyumba ipakwe rangi, halafu sakafu iwekwe vigae, hii imepitwa na wakati. Mimi tangu nimalize shule sina sauti kubwa humu ndani. Nakula, nalala, nasubiri matokeo, naambiwa nisogeze miguu watu wapite. Lakini kwa hilo nikagoma. Tukavutana wee, mwisho akacheka akasema haya Injinia, rangi utapaka wewe, na ukimaliza sakafu haina hata tone, inabaki, vigae nasahau. Mama alikuwepo, anakunja nguo. Hakusema kitu. Nikahesabu kimya chake kama sahihi.

Kwa hiyo nikaichukulia kazi kama mtihani wa kweli, sio ule wa shuleni. Kitu cha kwanza nikatafuta turubai la baba, lile alilokuwa anatandika chini akipaka. Lilikuwa zito, la kitambaa, limejaa matone ya rangi ya kila nyumba aliyowahi kupaka. Alikuwa ananiambia nailoni haina adabu, haimezi kitu, tone linakaa juu linasubiri kisigino chako likusindikize chumba kizima. Turubai linakunywa. Tena turubai linaruhusu sakafu ipumue. Hilo la kupumua nililisikia nikalicheka, nilikuwa mdogo, nikajiuliza sakafu ina pua wapi.

Nikamuuliza mama turubai liko wapi. Akasema liligugunwa na panya zamani, akalitupa. Basi, nikachukua nailoni.

Na kosa langu ni hili. Asubuhi ya kuanza nilideki sakafu, nikaipiga nta nzito, nikasema ngoja niiheshimu kabla ya kuifunika. Haijakauka vizuri nikatandaza nailoni, matabaka mawili, nikaziba pande zote nne na selotepu ile ya kahawia ya maboksi. Hata sisimizi asingepenya. Siku tano. Baba mdogo nilikuwa namzungusha mlango wa nyuma kama mgeni asiyetakiwa. Nilipaka dari, nilipaka kuta mara mbili, mlango na fremu nikavimalizia leo asubuhi kwa rangi ya mafuta. Maji ya kudekia yakawa yanafuka chini ya nailoni siku zote hizo, hayana pa kutokea, yanaila nta na saruji taratibu, na mimi juu yake natembea kwa ncha za vidole, najipongeza.

Tone halikudondoka. Ndo nikamwambia hivyo baba mdogo. "Nioneshe tone. Tulikubaliana tone."

"Mgonjwa kakosa pumzi kafa," akasema, "wewe unaniambia shuka halina damu."

Ningeweza kucheka siku nyingine. Nikamwambia sakafu itapigwa msasa, itatiwa rangi upya, najua namna. Akasema jua chochote, fundi anakuja kesho na vigae viko stoo wiki ya pili sasa.

Nikasimama. Wiki ya pili? Makubaliano yetu yalikuwa na siku sita.

Nikaenda stoo. Nyuma ya pipa la maji nikakuta maboksi kumi na mawili, yamepangwa vizuri, yamefunikwa yasilowe. Yamefunikwa na turubai la baba. Nikaligeuza huku na huku natafuta jino la panya. Hakuna hata uzi uliokatika. Nikaliburuta mpaka sebuleni, nikalitupa juu ya mabaka, nikamuuliza baba mdogo huyu panya ana miguu mingapi.

Akamwangalia mama, aliyekuwa amesimama mlango wa koridoni, mikono ina povu la sabuni.

"Muache baba yako mdogo," mama akasema. "Vigae nimechagua mimi."

Akasema amechukua rangi ya jivu, haioneshi vumbi. Akasema alificha ili tumalize rangi kwanza ndo tugombane, sio tugombane na nyumba nusu. Yale ya tone yalikuwa ya baba mdogo, ya kunitoa kitandani tu. Anayasema taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Nikamwambia hiyo ni sakafu ya baba.

Akavuta gauni lake juu kidogo. Sikuwahi kuyaangalia magoti ya mama, nani anaangalia magoti ya mama yake. Yalikuwa meusi, magumu, yamepasuka kama visigino.

"Baba yako aliimwaga siku moja," akasema. "Mimi nimeipiga nta kila Jumamosi miaka kumi na tisa. Wewe umeipiga mara ngapi?"

Nikahesabu. Sikuhitaji vidole. Mara moja. Na hiyo mara moja ndo iliyoiua.

Baba mdogo akageuka akajifanya anakagua dari. Nikamwambia mama kwamba angeniambia tu. Angesema nimechoka, mwanangu, ningeelewa.

"Ungesikia?"

Nilitaka nijibu ndiyo. Neno likafika kwenye meno likarudi. Maana nilimuona kila Jumamosi, kila Jumamosi, nimelala kwenye kochi nimeinua miguu ili apitishe tambara chini yangu, halafu najisifu kwa wenzangu kwamba sakafu ya baba inang'aa.

Nikakunja turubai. Halikutaka kukunjika, lilikuwa limekauka na marangi ya nyumba za watu. Nikalitia kwapani. Nilipofika kizingitini ndo mama akasema, kwa sauti ile ile ya orodha, nisibamize, fremu bado mbichi.

Nilikuwa nimepanga kubamiza. Nikatoka, nikashika kitasa kwa vidole viwili, nikauvuta mlango taratibu mpaka ukalia tik, rangi yangu isiharibike.