Mimi ya Mzee Zou

Mzee Zou Guangfu alikuwa mtangazaji wa kipaza sauti katika kiwanda chetu cha nguo hapa Zhuzhou, China, mpaka kilipofungwa, na maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema "mimi". Kila kitu kwake ni "sisi". Jino likimuuma, "sisi hatujalala." Hata binti yake Lanting alipokuwa anaondoka kwenda Kanada, baba mtu alisimama wima kituoni akatangaza: "Sisi wakazi wa jengo la saba tunakutakia safari njema!" Binti alipanda treni akilia, na si kwa furaha. Nilikuwepo. Nilitamani kumkanyaga mguu.

Sasa Lanting anaolewa. Mama wa bwana harusi alitaka kumwona baba wa bibi harusi kwa video, na Lanting akamwomba mzee wake kitu kimoja tu: "Baba, sema mwenyewe, kwa Kiingereza, kwamba wewe ndiye baba yangu. Usiniletee hizo sisi zako."

Mzee akamwendea Mwalimu Miao, ambaye dawa yake ya Kiingereza ni moja: simama uwanjani alfajiri upige kelele mpaka aibu ikutoke. Tatizo ni kwamba alfajiri uwanja ni wetu, wanawake wa kucheza densi, na spika yetu haina utani.

"Neno lenyewe ni 'ai'!" Mwalimu alipaza sauti juu ya muziki wetu. "Maana yake mimi! Kwetu unaweza kulimeza, watu wakaelewa tu. Kwa Kiingereza halimezwi! Umekula, umechelewa, umeanguka, unajitanguliza wewe kwanza! Na ukiliandika, herufi kubwa, hata likiwa katikati ya sentensi!"

Dada Qiao, kiongozi wetu, alizima muziki. "Herufi kubwa? Hata mwenyekiti wa mtaa hajipi ukubwa huo! Maringo gani hayo?"

"Ndio utaratibu wao, dada. Haya, Mzee Zou, piga!"

"Ai," alinong'ona Mzee Zou, akiangalia viatu vyake.

"Mbu huyo?" Dada Qiao akacheka. "Mzee, si wewe uliyekuwa unaamsha kiwanda kizima? Hivi!" Akainua upepeo wake mwekundu, nasi nyuma yake tukaitikia: "Ai!"

Tukalipenda. Lilikaa vizuri kwenye hatua za densi, basi tukawa tunachezea hilo hilo. Muuza tofu akiuliza nani wa mwisho kwenye foleni, foleni nzima: "Ai!" Daktari wa meno akiita anayefuata, wanainuka wagonjwa na waliowasindikiza. Polisi wa mtaa aliuliza nani kaziba mlango kwa pikipiki ya umeme, akapata ua mzima wa wenye hatia, mimi nikiwemo, na hata baiskeli sijui. Aliyebaki kunong'ona alikuwa Mzee Zou peke yake.

Siku ya video tulijaa sebuleni kwake na mbegu zetu za alizeti, maana katika jengo letu simu ya ng'ambo si siri ya mtu. Yule mama, Mzungu wa mvi, alitabasamu akauliza kitu. Lanting, aliyekaa pembeni yake kwenye skrini, akatafsiri: "Anauliza, baba yangu ni yupi?"

Mzee Zou alifungua kinywa. Kabla hajameza mate: "Ai!" Sisi sote, sauti moja, upepeo wa Dada Qiao juu. Hata Mwalimu Miao.

Yule mama akawa anatuangalia mmoja mmoja, tabasamu limemganda. Lanting akafunika uso.

Hapo Mzee Zou akasimama. Ile sauti ya kiwandani ikarudi yote. "Nyamazeni!" Glasi za chai zikalia mezani. "Ai!" Halafu sentensi iliyobaki ikamruka kichwani, akaendelea kwa lugha yetu: "Mimi ndiye baba yake. Pale kituoni ni mimi niliyetaka kulia. Mimi ndiye ninayemkumbuka. Jengo halimkumbuki mtu!"

Yule mama akauliza tena, na hata sisi tulielewa: amesema nini? Lanting hakuweza kutafsiri, alikuwa analia. Na sisi wa jengo la saba, tunaojibu hata tusiloulizwa, hakuna aliyemjibia.