Maji ya Maganda ya Vitunguu

Koki, kama wote walivyomwita, alikuwa fundi bomba mstaafu, lakini mikono yake haikuwa imepata habari za kustaafu. Ilikwisha kukaza kila kilichokazika nyumbani, ikahamia kwa majirani, na siku sinki la maabara anakofanya kazi binti yake lilipovuja, Koki alifika na spana kabla simu haijakatwa.

Alipomaliza, binti alimwita kwenye darubini.

"Baba, njoo uone mabomba madogo kuliko yote uliyowahi kuziba."

Kisahanini mlikuwa na mayai ya chura. Kila seli, binti alieleza, imezungukwa na utando, na kwenye utando mna vijia vya kupitisha maji. Mayai haya yeye na wenzake wameyaongezea vijia hivyo. Akalitia moja kwenye maji matupu. Likavimba, likavimba, pwaa! Likapasuka. La pili alilitia kwenye maji yenye kitu kilichochujwa kutoka maganda ya vitunguu. Hilo lilivimba kivivu, kama mtu anayeamshwa Jumapili.

"Kwa hiyo kitunguu kinafunga koki?"

"Kinaelekea kuvibana hivyo vijia, baba. Kwenye yai. Ndiyo kwanza tunajaribu."

Koki hakusikia la zaidi. Tangu moyo wa mkewe uanze kuchoka, miguu yake ilikuwa ikivimba, na viatu vyake vya buluu vilikaa mlangoni vikimngoja mwenyewe. Mkewe alimeza vidonge vya kupunguza maji mwilini, navyo vikamkimbiza msalani mchana kutwa. "Nimekuwa mlinzi wa choo," alizoea kulalamika.

Jioni hiyo Koki alichemsha maganda hadi paka wa jirani akatokwa machozi. Ndivyo alivyosimulia baadaye, na paka hajakanusha.

"Kunywa, bibie. Hii inafunga vikoki vyenyewe."

"Na vidonge?"

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Maisha yake yote, kabla ya kujaribu koki mpya, Koki alivua kwanza kamba na matambara yote ya zamani yaliyofungwa kuzuia maji, asije akasifia koki kumbe kazi inafanywa na tambara.

"Viweke kando kidogo," alisema. "Tukichanganya, tutajuaje kilichofanya kazi?"

Mkewe alimtazama, akanywa, akakunja uso. "Mzee, hii ukimpa chura atahama mto."

Kila asubuhi Koki alichemsha huku akipiga mluzi, na kila alipouliza, mkewe alijibu kwamba hajambo. Akaanza kukaa amejifunika shuka magotini. Akaomba mito zaidi ya kulalia, akisema kitanda kimeinama. Koki akaenda akakaza skrubu za kitanda.

Asubuhi moja alitafuta buti zake za mpira asizione. Alizikuta jikoni, miguuni mwa mkewe.

"Umeamua kunirithi kazi ningali hai?" alicheka.

Mkewe hakucheka. Pumzi ya kuchekea hakuwa nayo. Koki alipiga magoti, akavuta buti, ikagoma. Akavuta tena, ikatoka. Alibonyeza muundi wa mkewe kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

Binti alikuja na gari mbio. Hospitalini, mama alipokwisha kupokelewa, wawili hao walikaa kwenye benchi la ukumbini.

"Baba, lile yai linaoga kwenye kitunguu. Mama anakinywa. Kinapita tumboni, kinapita kwenye ini, kinabadilishwa njia nzima. Kinachofika kwenye damu ni kidogo na si kile kile. Na hata kingefika, vijia viko vya aina nyingi, kila kimoja na kazi yake. Kile kidonge kinazifanya figo zitoe chumvi, na maji yanaifuata chumvi nje."

Koki aliitazama mikono yake. "Nilidhani ni tambara. Kumbe ndilo bomba la kutolea maji. Nimeliziba, nikakaa nikipiga mluzi sinki likijaa."

Binti alikuwa amekuja na maneno makali. Yakamwishia mdomoni. "Nami nilikuonyesha nusu ya habari," alisema, akamshika mkono.

Walipoingia wodini, dawa ilikuwa ikishuka kwenye mshipa na pumzi ya mama imetulia.

"Ulijua unavimba," Koki alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga mluzi, baba watoto. Tangu ustaafu sikuwa nimeusikia. Nikasema ngoja kidogo, labda kitunguu kitatusikia."

Koki alibonyeza muundi wa mkewe polepole. Kishimo kikatokea, kikasitasita, kikaanza kujaa.

Siku hizi yeye ndiye anayeleta kidonge asubuhi, na glasi ya maji kwa kipimo alichoagiza daktari. Kwanza hubonyeza muundi, kisha husimama pale kama askari wa zamu.

"Leo hupigi mluzi?" mkewe humchokoza, viatu vya buluu vikiwa miguuni.

"Meza kwanza."

Humeza. Ndipo mluzi huanza, mbovu kama kawaida, ukielekea jikoni, ambako vitunguu sasa vinakatwa kwa ajili ya mchuzi tu.